Kamba: jinsi ya kuichagua, kuifunga vizuri na kuifungua bila kutafuta kisu

Ukitaka kujua mtu hajui kufunga kamba mwangalie wakati wa kufungua. Amefika salama na gunia lake la machungwa kutoka Muheza, baiskeli haina tatizo, mzigo haujaanguka, sasa ndo anaanza kuita watu, jamani nani ana kisu, nani ana kiwembe, kwasababu kule alikopakia aliweka fundo juu ya fundo juu ya fundo mpaka limekuwa donge haliingii hata ukucha. Kamba nzima inakatwa vipande, na kesho ananunua nyingine.

Fundo zuri linakaza mzigo unapovuta na linaachia wewe unapotaka, na kwa kazi za nyumbani na barabarani huhitaji mafundo mengi, manne yanakutosha kabisa. Ila kabla ya fundo kuna kamba yenyewe, na hapo ndo wengi wanapigwa.

Hatua ya 1: sema kazi kwanza, kamba baadae

Ingia duka la vifaa pale Ngamiani, hapa Tanga mjini, mazungumzo yanakwenda hivi:

— Shikamoo mzee, naomba kamba mita kumi.
— Marahaba mwanangu. Ya kazi gani?
— Kamba tu mzee, ya kufungia.
— Ya kufungia nini, mbuzi, ndoo au nguo?

Muuzaji akikuuliza hivo usimwone ana maswali mengi, amekuokolea hela. Akikukatia tu bila kuuliza we ndo inabidi ujue.

Tuanze na katani, yaani kamba ya singa za mkonge, maana ndo ya kwetu. Mkonge asili yake Mexico, huku uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani mmoja anaitwa Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kule Marekani, ikapitishwa Hamburg, na iliyofika huku ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe upande wa Pangani. Hiyo 62 ndo chanzo cha mashamba yote unayoyaona dirishani ukipanda basi la Korogwe. Miaka ya mwanzo ya 60 nchi yetu ilikuwa inaongoza duniani kwa katani, baadae kamba za plastiki zikajaa sokoni na bei ikaporomoka. Sasa cha kukusaidia wewe mnunuzi ni hiki: jani likipita kwenye korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, inatoka singa ya urefu wa mita moja hivi, kwahiyo hakuna singa moja inayotoka mwanzo wa kamba mpaka mwisho, zimesokotwa zikapishana na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Ndo maana katani ina vinyweleo, na hivo vinyweleo ndo vinafanya fundo lake lishike bila kuteleza. Ukifunga katani vizuri mara moja inatosha. Na haiyeyuki ikisuguliwa. Ubaya wake inaoza ikikaa na maji, na ikilowa inavimba na kujikaza, inakuwa fupi kuliko ilivyokuwa. Hilo la kujikaza likumbuke, tutalirudia kwenye nguo.

Manila, yaani ile ya plastiki ya bluu, kijani au njano, ipo kila duka, haiozi na bei yake ni rafiki. Lakini inateleza, fundo lake linalegea polepole bila wewe kujua, na jua la huku linaila. Ukiona imepauka na ukiisugua inatoa unga unga mkononi hiyo imeshakwisha hata kama kwa macho bado nene.

Nailoni ni nyingine japo watu wanazichanganya. Inanyumbulika, ina nguvu zaidi na ni laini mkononi. Kama muuzaji anakwambia hii nailoni na wewe una wasiwasi, omba kipande kidogo ukitupe kwenye ndoo ya maji. Ile manila ya plastiki ya kawaida inaelea, nailoni inazama. Kwa mtu wa bahari hili sio jambo dogo, kamba inayoelea ikiwa kwenye nanga inakaa juu juu na siku moja itajisokota kwenye panga la injini ya mtu.

Usumba, kamba ya makumbi ya nazi, sio kila duka utaipata. Makumbi yanafukiwa kwenye mchanga wenye maji ya bahari miezi kadhaa mpaka yalainike, yanapondwa, yanasokotwa kwa mkono, na kazi kubwa hapo wanafanya akinamama. Inavumilia maji ya chumvi kuliko katani ila kwa unene uleule nguvu yake ni ndogo. Kwa kufungia fito na makuti iko vizuri sana.

Alafu kuna mipira, vile vipande vya tyubu vya bodaboda. Mpira unabana vizuri mzigo unaotikisika lakini usiutegemee peke yake kwenye mzigo mzito, unavutika na mzigo unaanza kucheza, na ukichomoka unakuja usoni.

Kwa kifupi: ndoo ya kisima chukua manila, mzigo wa baiskeli katani, nanga nailoni, kamba ya nguo manila (katani inaacha singa kwenye nguo nyeupe), mbuzi katani nene ambayo haimkati shingo.

Hatua ya 2: ikague kabla hujalipa

Usiangalie nje tu. Shika kamba kwa mikono miwili, izungushe kinyume na msokoto wake, itafunguka kidogo uone ndani. Katani nzuri ndani ni rangi ileile ya nje, nyeupe ya maziwa au njano kidogo. Ukikuta weusi, vumbi, au inanuka kama godoro lililonyeshewa, rudisha, hiyo imekaa stoo yenye unyevu na inaoza kutokea ndani. Wahenga walishasema kamba hukatikia pabovu, na pabovu penyewe mara nyingi hapaonekani mpaka uifungue.

Urefu usikisie kwa macho. Tumia pima, mikono miwili ukiitanua kabisa, ndo kipimo cha wavuvi, kwa mtu mzima ni kama mita 1.8 hivi. Na ukishapiga hesabu ya unachohitaji ongeza pima moja au mbili, kwasababu mafundo yanakula kamba.

Kitu kingine ambacho mtu hakifikirii ni kwamba fundo lenyewe linapunguza nguvu ya kamba, wakati mwingine mpaka karibu nusu, maana pale inapojikunja nyuzi za nje zinavutwa kuliko za ndani. Kwahiyo kama kamba imeandikwa inakatika kwa kilo 500 usiipe mzigo wa kilo 400 ukasema bado kuna nafasi. Mi naona usizidishe moja ya tano, yaani kilo 100 hapo. Na mtu usimning'inize kwenye kamba ya dukani hata siku moja, kushuka kisimani, kupanda mnazi, kupaka rangi ghorofa, hizo kazi zina kamba zake.

Hatua ya 3: ncha

Kamba isiyofungwa ncha inafumuka, wiki mbili tu una ufagio. Kabla ya kukata zungushia selotepu mahali unapotaka kukata, kisha kata katikati ya hiyo selotepu, pande zote mbili zinabaki zimeshikana.

Manila na nailoni malizia kwa moto. Kiberiti kinatosha, ncha ikianza kuyeyuka itoe kwenye moto na uizungushe kwenye kitu cha chuma kilicholowa ili iwe duara. Usiibane na vidole jamani, plastiki ya moto inaganda kwenye ngozi na inaondoka nayo. Fanyia nje, na watoto wakae mbali kwasababu inadondosha matone yanayowaka.

Katani moto haukusaidii, utabaki na majivu. Hiyo inafungwa kwa uzi. Chukua uzi imara, wa kushonea viatu ni mzuri sana. Kunja uzi upate mkunjo mrefu, ulaze huo mkunjo juu ya kamba, kichwa cha mkunjo kielekee mwisho wa kamba na mkia mfupi wa uzi ubaki unaning'inia upande wa nyuma. Sasa chukua upande mrefu wa uzi, anza kuzungusha kamba na mkunjo kwa pamoja, ukienda kuelekea mwisho, mzunguko ubanane na mzunguko bila kupanda juu ya mwenzake. Ukifika urefu sawa na unene wa kamba au zaidi kidogo, ingiza mwisho wa uzi kwenye kichwa cha mkunjo, kisha vuta ule mkia uliobaki nyuma. Kichwa kinazama chini ya mizunguko na kuburuta mwisho wa uzi, ukifika katikati acha, kata vinavyoning'inia. Hakuna fundo hata moja na hautoki.

Hatua ya 4: mafundo manne

Fanya mazoezi na kamba nene kidogo ukiwa umekaa barazani, sio siku ya safari mzigo uko juu ya baiskeli na mvua inakuja.

La kwanza ni kitanzi kisichojikaza. Hili ndo la ndoo, ndo la shingo ya mbuzi, ndo la boti. Pitisha ncha kwenye mshikio wa ndoo. Sasa kwenye ule upande mrefu unaokuja mkononi kwako tengeneza kijiduara kidogo, na uhakikishe upande unaoelekea kwenye ndoo umepita juu ya upande mrefu, sio chini. Chukua ncha, ipandishe kutokea chini ingie kwenye kijiduara, izungushe nyuma ya upande mrefu, irudishe ishuke kwenye kijiduara kilekile ilikotokea. Shika ncha pamoja na mguu wa kitanzi kwa mkono mmoja, mwingine uvute upande mrefu. Ukikosea kile kijiduara mara nyingi linafumuka palepale. Ukilipatia, kitanzi kitabaki na ukubwa uleule hata uvute vipi, ndo maana mbuzi hanyongeki. Kulifungua sukuma ule mkunjo uliozunguka upande mrefu, uinamishe mbele, lote linalegea. Kwa manila acha mkia wa shibiri nzima na uumalizie kwa fundo dogo kwenye mguu wa kitanzi maana plastiki inateleza.

Nenda Deep Sea asubuhi mashua zikiwa zinashusha samaki ukaangalie mikono ya wale mabwana. Mtu anaongea na tajiri wa samaki, macho hayapo kabisa kwenye kamba, na mashua imeshafungwa. Akitaka kuondoka analegeza mara moja tu.

La pili ni la nguzo. Zungusha kamba kwenye nguzo mara mbili kamili, sio moja. Hiyo mizunguko miwili ndo inayobeba nguvu, fundo linalofuata ni la kuzuia tu isirudi. Kisha pitisha ncha juu ya upande mrefu, iingize kati ya kamba na nguzo, kaza, rudia mara moja tena kwa mwelekeo uleule. Basi. Ukitaka iachie haraka, ile mara ya mwisho usiingize ncha, ingiza mkunjo, kama unavyofunga kamba za viatu, siku ya kufungua vuta ncha tu.

La tatu ni la mzigo wa baiskeli, bodaboda na kirikuu, na kwa mji wa baiskeli kama Tanga hili ningesema lifundishwe shuleni. Funga mwanzo wa kamba kwenye chuma cha keria kwa lile fundo la nguzo. Rusha kamba juu ya gunia upande wa pili. Sasa kabla hujafika chini, kwenye kamba yenyewe usawa wa katikati ya gunia, tengeneza kitanzi cha kuachia: zungusha kamba upate duara, kisha chomeka humo mkunjo, mkunjo uuchukue upande wa ncha. Jaribu, vuta upande wa mzigo, kitanzi kisisinyae, kikisinyaa umechukua mkunjo upande usio wake, rudia. Baada ya hapo shusha ncha, ipite chini ya chuma cha keria, ipandishe iingie kwenye kile kitanzi, sasa vuta kwenda chini kwa nguvu. Utashangaa gunia linavyonywea, kwasababu kamba imegeuka kuwa kapi na nguvu ya mkono wako inaongezeka. Pale ilipopita kwenye kitanzi pabane kwa vidole isirudi, malizia kwa mafundo mawili ya nusu, kama yale uliyomalizia kwenye nguzo, la mwisho liwe la mkunjo. Ukifika unavuta ncha, kitanzi kinaachia chenyewe na kamba iko nzima. Manila usiivute kwa kasi hapo kwenye kitanzi, plastiki ikisuguana na plastiki inapata moto mpaka inayeyuka na kukatika, katani haina hiyo shida.

Mzigo ukishakwenda kama kilomita mbili simama uuangalie tena. Gunia linajipanga upya likitikisika, kamba iliyokuwa imekaza stendi imeshalegea ukifika barabara mbovu.

La nne ni la kuunga kamba mbili. Watu wengi wanaunga kwa lile fundo bapa, kulia juu ya kushoto alafu kushoto juu ya kulia. Fundo bapa ni la kufungia vifurushi na bandeji, kamba mbili za unene tofauti linateleza na kuachana. Na wengi hata hilo wanalikosea, wanafanya kulia juu ya kushoto mara zote mbili, linatoka limekaa kishazari na halishiki kitu. Fanya hivi: ile kamba nene ikunje iwe na mkunjo. Ile nyembamba ipandishe kutokea chini ndani ya mkunjo, izungushe nyuma ya miguu yote miwili ya mkunjo, kisha ncha yake ipite chini ya yenyewe pale ilipotokea, sio kurudi ndani ya mkunjo. Kaza. Zikiwa za plastiki zungusha mara mbili badala ya moja.

Hatua ya 5: kamba ya nguo, tusiikaze mno

Kila nyumba utaona kamba ya nguo imekazwa mpaka inalia ukiigonga, na kila baada ya muda nguzo imeinama au msumari umechomoka ukutani, lawama anapewa fundi. Fundi hana kosa. Chukua kamba ya mita 6, tundika katikati nguo zenye maji za kilo 10. Ikiwa imeshuka katikati sentimita 26 tu, kila upande wa kamba unavutwa kwa karibu kilo 58. Ndio, kilo 10 za nguo zinaleta kilo 58 kwenye msumari. Iache ishuke sentimita 60, nguvu inapungua mpaka kama 25. Yaani kadiri kamba inavyonyooka ndivyo inavyovuta zaidi, na ikinyooka kabisa hakuna msumari utakaohimili.

Kwahiyo iache ilegee kidogo, upande mmoja tumia lile fundo la baiskeli ili uweze kuirekebisha, na kama katikati inashuka sana mpaka shuka linagusa mchanga weka mti wenye panda uiinue. Ukiwa umetumia katani, usiku wa mvua itajikaza yenyewe, kaiachie kidogo kabla mvua haijaanza. Akinamama wengi wanajua hili bila kuambiwa na mtu.

Hatua ya 6: mbuzi, na kuvuta gari

Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, msemo tunautumia kwa watu wa ofisini lakini kwa mbuzi mwenyewe hesabu yake ni tamu. Kamba ya mita 3 inampa eneo la mita za mraba 28 hivi, ukiongeza ikawa mita 6 anapata 113, mara nne sio mara mbili. Ila ndefu sana inajizungusha kwenye vichaka, kwahiyo uwanja uwe wazi, na kwenye kigingi tumia pete inayozunguka ili kamba isijisokote kila anapotembea. Shingoni ni lile fundo la kwanza tu, liache vidole viwili viingie.

Kuvuta gari kwa kamba, nailoni inavutika kwanza ndo inavuta, hailipigi gari kwa ghafla, hilo zuri. Lakini nailoni iliyovutika ikikatika inarudi kwa kasi ya kuvunja mguu au kutoa jicho. Hakuna mtu kusimama karibu nayo wala kuiruka, na watoto wanaoshangilia wasogezwe mbali kabisa. Weka nguo nzito au gunia katikati ya kamba, ikikatika uzito unasaidia kuivuta chini.

Hatua ya 7: kuitunza

Kamba iliyoingia baharini isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, chumvi ikikauka ndani inakata nyuzi taratibu. Anika kivulini, manila hasa usiiache juani kama huitumii. Usiiweke karibu na betri ya gari, asidi yake inakula katani na nailoni bila kuonekana. Ikunje kwa mwelekeo wa msokoto wake, nyingi ni kufuata mshale wa saa, ukienda kinyume inajipinda na kutengeneza vifundo, na kifundo kikivutwa na mzigo kinavunja nyuzi hapohapo. Tundika kwenye msumari mnene au kipande cha mti, isilale sakafuni, panya wanapenda katani.

Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, ni kweli, kamba nzuri hata ikiwa nzee bado ina kazi. Sehemu iliyochakaa ikate, nzima zilizobaki ziunge kwa fundo la nne utumie kwa kazi ndogo ndogo. Vipande vya katani vifumue utumie singa zake kufungia miche ya nyanya kwenye vijiti, msimu ukiisha hata huna haja ya kuzitoa, zinaoza na kuwa udongo. Vya manila usifanye hivo, vitakusubiri kwenye jembe miaka mingi.